Kabla useme "tupatane Archives"

Nimengojea watu nje ya Archives mara nyingi sana. Wewe pia, usijifanye. Nairobi nzima hupatana hapo na karibu hakuna anayeingia ndani. Mimi niliingia juu ya mvua, na rafiki yangu alikuwa "karibu kufika," ile karibu ya mtu bado yuko Rongai.

Ndani kuna vinyago, vitambaa, shanga, stempu. Nilidhani serikali ndiyo ilivikusanya. Kumbe vilikuwa vya msee mmoja, Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Kazi hiyo aliishika miezi michache tu mwaka wa 1966, akajiuzulu.

Baba yake alikuwa Mgoa, mama yake Mmaasai. Wakoloni walipowakamata viongozi wa KAU, yeye aliondoka akaishi London hadi 1962, na huko ndiko alikuwa akinunua vitabu vya Afrika. Hebu fikiria. Huwezi kurudi kwenu, halafu unakutana na kwenu kwenye duka la Mwingereza, kumewekwa bei. Mwishowe alikuwa na vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900. Watu huita hiyo hobi. Mimi naona alikuwa anakomboa.

Baadaye, miaka ya 1970, yeye na Alan Donovan walianzisha African Heritage hapa Nairobi. Kisha akaiuzia serikali mkusanyo wake pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, akitumaini pale patakuwa taasisi ya kusomea Afrika. Taasisi haikuwahi kuwa. Nyumba ikabomolewa. Alifariki 1990, akazikwa City Park, karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto.

Enyewe hiyo ya nyumba bado inaniuma, na sikuwahi hata kuiona.

Kwangu nina picha tatu ukutani. Ya kwanza nilinunua kwa mtu tuliyesoma naye, na pesa za viatu. Mathe akaiangalia, akaniuliza, "Na hii inaliwa?" Sikuwa na jibu. Siku hiyo ya mvua nilitamani angekuwa hapo tu, tusimame mbele ya vile vinyago, bila kubishana.

Simu ikalia. "Uko wapi? Sikuoni."

"Niko ndani. Lipa kiingilio uje."

Akakataa, ati ana njaa.