Soya Ilivyoingia Sufuriani Mwetu

Ndugu wanachama, soya si mgeni wa jana. Ililetwa Amani, Tanga, mwaka 1907, enzi za Mjerumani. Nyama ya soya ndiyo ya baadaye, ilianzia Marekani miaka ya 1960: unga wa soya iliyokamuliwa mafuta hupitishwa mashineni kwa joto kali, na karibu nusu yake ni protini.

Tulipoanza kikundi, nyama kwetu ilikuwa ya sikukuu. Tukajifunza kuloweka soya kwa maji ya moto, kuikamua, na kuikaanga kwa vitunguu vyetu vya Lumuma. Akina baba wakaguna: nyama gani haina mfupa! Siku hizi wanakomba bakuli. Na ile pesa ya buchani? Tuliiweka akiba, ikatoka madaftari ya watoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone.