Ruzuku ya Mkulima na Unga wa Doornfontein

Msikilizaji, jina la Doornfontein, mtaa ulio mashariki ya kitovu cha mji wa Johannesburg, maana yake ni chemchemi ya miiba. Lilikuwa jina la shamba kabla dhahabu haijagunduliwa Witwatersrand mwaka 1886. Matajiri wa migodi walijenga majumba yao hapo, kisha wakahamia vilima vya Parktown. Kufikia miaka ya 1920, nyua za mtaa huo zilikuwa zimejaa vyumba vya kupanga vya Waafrika, wengi wao wakiwa wametoka mashambani.

Kilichowatoa huko kilitungwa bungeni. Mwaka 1912 iliundwa Benki ya Ardhi, ya kuwakopesha wakulima wazungu. Mwaka uliofuata ikapitishwa Sheria ya Ardhi ya Wenyeji, iliyomzuia Mwafrika kununua au kukodi ardhi nje ya maeneo aliyotengewa, ambayo hayakufika asilimia 8 ya nchi. Katika jimbo la Free State, hata kulima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba kulipigwa marufuku. Sol Plaatje, mwandishi na mwanasiasa, alisafiri huku na huko akizishuhudia familia zilizofukuzwa zikitangatanga na mifugo yao.

Mdororo wa uchumi wa dunia ulipoanza mwaka 1929, bei za mazao ziliporomoka. Serikali ya Jenerali Hertzog ilifanya haraka kuwaokoa wakulima wake: ruzuku kwa mazao yauzwayo nje, nafuu ya riba, na mwaka 1931 sheria ya kudhibiti mahindi. Hii ya mwisho yafaa kutazamwa kwa makini. Mahindi ya ziada yalipelekwa ng'ambo kwa bei ya chini, ili yanayobaki nchini yauzwe kwa bei ya juu. Hivyo sehemu ya msaada haikutoka hazina ya serikali, bali mfukoni mwa mlaji. Na mlaji mkuu wa unga wa mahindi alikuwa nani, kama si Mwafrika yule yule aliyenyimwa shamba?

Mwaka 1933 mtafiti Ellen Hellmann alianza kuchunguza ua mmoja wa Doornfontein ulioitwa Rooiyard. Alikuta mamia ya watu wakiishi humo, mara nyingi familia nzima katika chumba kimoja. Ujira wa mume haukutosha kodi na chakula. Wake zao walifua nguo za wazungu na kupika pombe, wakiifukia ardhini katika madebe ili polisi wasiione. Haukupita muda ua huo ukavunjwa, na watu wakaelekezwa Orlando, mbali na mji.

Sheria ya Masoko ya mwaka 1937 iliupa mfumo huo nguvu zaidi kwa kuruhusu bodi za mazao. Wasikilizaji wa Kenya hawatashangaa: huko nako, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mahindi ya mlowezi yalinunuliwa kwa bei ya juu kuliko ya Mwafrika.

Bodi za Afrika Kusini zilivunjwa kwa sheria ya mwaka 1996, miaka miwili baada ya Waafrika kupata kura. Mkulima mweusi aliyerudishiwa ardhi yake alikuta soko huria, na ruzuku zile zilizomjenga jirani yake mzungu zimekwisha.