Merikebu Iliyolala Chini ya Ngome

Mvita ni mji wa kisiwani, na habari za watu wa kisiwani hukaa mahali pawili: katika nchi kavu na katika maji. Habari za nchi kavu ni nyepesi kuziona. Zimo katika vichochoro vya Mji wa Kale, katika milango ya nakshi, katika misikiti, na katika kuta nene za Ngome ya Yesu ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Habari za majini ni nzito zaidi, kwa kuwa zimefunikwa na tope, na atakaye kuzisoma hana budi kuchukua pumzi yake mgongoni. Fuatana nami, msomaji, tusome habari moja ya namna hiyo, ambayo imelala karibu kabisa na kuta za ngome yenyewe.

Mwezi wa Machi mwaka 1696 majeshi ya Imamu wa Omani, Saif bin Sultan, yalifika Mombasa yakaizingira Ngome ya Yesu. Ndani yake walikuwamo askari wachache wa Kireno, na pamoja nao wenyeji wengi wa pwani, wanaume kwa wanawake, waliokuwa upande wao. Vita hivyo havikuwa vya siku wala vya miezi. Viliendelea mpaka Desemba 1698, na katika muda huo maradhi na upungufu wa chakula viliua watu wengi kuliko mizinga. Katika mwaka 1697, wakuu wa Kireno walipokwisha kufa, ulinzi wa ngome ulimwangukia Bwana Daud bin Sheikh, mwungwana wa Faza. Zingatia jambo hili, maana wengi hudhani kuwa vita vile vilikuwa baina ya Wareno na Waarabu tu. Watu wa pwani walikuwako ndani ya kuta na nje yake pia.

Wareno wa Goa walipeleka merikebu za kuiokoa ngome. Moja yao iliitwa Santo António de Tanná. Iliundwa Bassein, katika pwani ya magharibi ya Bara Hindi, ikashushwa majini mwaka 1681, nayo ilichukua mizinga mingi. Mkuu wa msafara alikuwa Luís de Mello de Sampaio. Msafara huo ulifika Mombasa mwishoni mwa mwaka 1696, ukaondoka, ukarudi tena mwaka uliofuata. Mwezi wa Oktoba 1697 merikebu ilikatikiwa na amari zake, ikachukuliwa na maji mpaka kwenye miamba, ikapoteza usukani wake, kisha ikazama chini ya ngome ile ile iliyokuja kuiokoa. Mwaka mmoja baadaye ngome nayo ikatwaliwa na Waomani.

Merikebu ilikaa katika tope miaka mia mbili na zaidi pasipo kusumbuliwa. Mzamiaji wa zamani alishuka kwa pumzi moja tu, akashika alichoweza kushika, akarudi juu. Chombo cha namna nyingine kilipatikana Ufaransa mwaka 1943, pale Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walipotengeneza mtambo wa kumpa mzamiaji hewa kutoka katika mtungi kwa kadiri ya pumzi yake. Mtambo huo ulifika katika pwani zote za dunia, na Mombasa haikuachwa. Katika miaka ya 1960 wazamiaji wa hapa mjini waliyaona mabaki ya merikebu katika mteremko wa bandari ya zamani.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Mtu aonapo chungu cha kale kilindini, mkono wake hutangulia kuliko akili yake. Hukiokota, hukipeleka nyumbani, hukiweka juu ya kabati. Chungu kimepona, lakini habari yake imekufa. Je, kilikuwa katika chumba cha nahodha au mahali pa mabaharia? Kilikuwa chini ya mizinga au juu yake? Kilikuwa pamoja na vyombo gani vingine? Maswali hayo hayawezi kujibiwa tena. Kitu kilichoondolewa mahali pake ni kama neno lililokatwa kutoka katika barua: neno lasomeka, lakini barua haieleweki.

Kwa bahati njema, kazi ya Mombasa ilifanywa kwa utaratibu. Tangu mwaka 1977 hata 1980 wazamiaji wataalamu kutoka chuo cha Marekani kinachochunguza mabaki ya vyombo vya majini, chini ya uongozi wa Robin Piercy, walifanya kazi pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Waligawanya eneo lote kwa miraba, kama vile ugawanyavyo karatasi ya hesabu. Tope liliondolewa kidogo kidogo kwa bomba linalofyonza kwa nguvu ya hewa. Kila kitu kilipoonekana, kilipimwa, kikachorwa na kupigwa picha hapo kilipolala. Kisha ndipo kilipoinuliwa.

Huenda ukadhani kwamba kupiga picha chini ya maji ni kazi ya furaha tu. La! Maji hula mwanga. Rangi nyekundu ndiyo ya kwanza kumezwa, na kabla mzamiaji hajafika mita kumi na tano, damu ya kidole kilichokatwa huonekana nyeusi au kijani. Ndiyo sababu mpiga picha huchukua taa yake mwenyewe. Tena katika bandari ya Mji wa Kale maji hujaa na kupwa yakichukua tope la hori, na mwanga wa taa ukiipiga chembe moja moja ya tope, picha hujaa vidoa vyeupe kama ukungu. Kwa hiyo taa haiwekwi karibu na kamera, bali huwekwa kando. Aidha, mzamiaji hawezi kukaa chini apendavyo. Kadiri anavyokwenda chini ndivyo naitrojeni inavyoingia katika damu yake, na akipanda upesi hugeuka mapovu, nayo yaweza kumlemaza au kumwua. Kila picha moja ya merikebu ile ilinunuliwa kwa dakika zilizohesabiwa.

Na faida yake ni nini? Vilipatikana vitu kwa maelfu: vyombo vya kauri vya Kichina, vyombo vya Kireno, mitungi ya udongo, zana za vita, mbao za nakshi, na vitu vidogo vidogo vya matumizi ya kila siku. Barua za wakati ule zatutajia majemadari na makapteni. Hazimtaji mpishi, wala baharia wa Kihindi aliyevuta kamba, wala mtumwa wa Kiafrika aliyepiga bomba la kutoa maji. Lakini vyombo vyao vya kulia na kunywea vilizama pamoja na mizinga ya wakubwa, na katika tope havikubaguliwa. Mtu asiyeandikwa na mwandishi aweza kuandikwa na bakuli lake, ikiwa bakuli litakutwa mahali alipoliacha.

Msomaji aweza kuuliza kwa nini merikebu yenyewe haikutolewa yote. Waswidi waliitoa Vasa katika bandari ya Stockholm mwaka 1961, baada ya kukaa majini tangu 1628. Lakini mbao zilizolowa kwa karne nyingi zikikaushwa ghafla hunywea na kupasuka. Mbao za Vasa zilinyunyizwa dawa kwa muda wa miaka 17 ili zisiharibike, na gharama yake ilikuwa kubwa mno. Huku kwetu, tena, wako minyoo wa baharini watoboao kila ubao ulio wazi. Tope lililoficha mkuku na mataruma ya Santo António ndilo lililoyahifadhi. Kwa hiyo baada ya kupimwa na kuchorwa mbao zilifunikwa tena, na vitu vilivyotolewa vikapelekwa katika makumbusho ya Ngome ya Yesu.

Siku hizi watu wa mataifa mengi hufika Mombasa kwa kuzamia na kupiga picha. Wengine huenda kuitazama Dania, meli ya kuchukulia mifugo iliyozamishwa kwa makusudi mwaka 2002 upande wa Bamburi, ili iwe makao ya samaki. Matumbawe yamejishika katika chuma chake. Chewa hukaa katika kivuli chake, na mkunga hutoa kichwa penye tundu. Chombo hicho hakina siri ya kale, lakini kina uhai, na mgeni mwema huchukua picha tu. Picha ya kasa humwacha kasa akiogelea. Gamba la kasa halimwachi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mabaki ya kale, nayo sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yahifadhi mambo ya kale ya taifa, yaliyo katika nchi kavu na yaliyo majini.

Bahari yetu imepitiwa na majahazi na merikebu kwa karne nyingi, na hapana shaka kuwa si zote zilizofika. Kaskazini ya Malindi, huko Ngomeni, wataalamu wa Kenya wakiongozwa na Caesar Bita wamekuwa wakichunguza mabaki ya merikebu nyingine ya kale. Kazi hiyo yataka vijana wajuao kuogelea, kuchora, kuhesabu na kusoma lugha za kale; na pengine mmoja wao ni wewe. Siku utakaposhuka chini na kukiona chungu kimelala mchangani, tanguliza jicho na kalamu, na mkono uwe wa mwisho. Watu waliokufa katika bandari ile hawakuacha shahidi mwingine ila vyombo vyao, na shahidi akihamishwa kabla ya kusikilizwa, ushahidi umepotea.