Tipa ngapi kwa kijiko kimoja?

Barabara ya kijiji inapowekwa kifusi, wengi wetu tumeona tipa zimepanga foleni zikisubiri kijiko kimoja kizipakie. Siku nyingine kijiko ndicho kimekaa bure na dereva wake amejilaza kivulini. Foleni na kukaa bure vyote vinalipiwa, na fedha zikiisha barabara inabaki nusu.

Ndiyo maana baadhi ya wahandisi huijaribu kazi kwenye kompyuta kabla ya kukodi mashine. Njia hiyo huitwa uigaji.

Tuchukue mfano. Kupakia tipa moja ni dakika 5, kwenda 12, kumwaga 3, kurudi 10. Mzunguko mzima ni dakika 30. Ukigawa 30 kwa 5 unapata tipa 6. Zikiwa 4, kijiko kinakaa bure dakika 10 katika kila dakika 30. Zikiwa 8, hakuna tripu inayoongezeka, kwa sababu kijiko hakiwezi kupakia zaidi ya tipa 12 kwa saa. Kila tipa itasubiri tu dakika 10 katika kila mzunguko.

Karatasi na kalamu zingetosha kama dakika hizo zisingebadilika. Lakini ng'ombe wanavuka, mlima unateleza, kijiko kinakutana na mwamba. Tipa tatu zinafika pamoja, kisha hakuna inayokuja. Kwa hiyo kompyuta huipa kila tripu muda wake kwa bahati nasibu, kutokana na muda uliopimwa, na kurudia siku hiyo hiyo mara mamia: kwa tipa 5, 6, kisha 7.

Halafu inaingia bei, na hapa ndipo tunaona faida yenyewe. Kukodi kijiko kukiwa ghali sana, tipa ya 7 inaweza kulipa ili kijiko kisisimame. Tipa zikiwa ndizo ghali, 5 zinaweza kutosha. Inachaguliwa idadi inayofanya kila tripu iwe na gharama ndogo kuliko zote.

Mbinu hii si ngeni. Miaka ya 1970 Mmarekani Daniel Halpin alibuni mfumo wa CYCLONE, unaochora kazi inayofanyika kwa mraba na kusubiri kwa duara lenye mkia, kama herufi Q.

Kamati ya ujenzi inaweza kuanza na saa ya simu. Pimeni tripu kama 20, asubuhi na mchana, na muda wa foleni uandikwe peke yake, usichanganywe na wa kupakia. Mkandarasi akija na hesabu zake, mtakuwa na zenu za kulinganisha.