Mtoto wa jicho kwa watoto wachanga

Mtoto wa jicho ni ukungu unaotanda kwenye lenzi ya jicho na kuzuia mwanga kupita. Wagonjwa wengi ni wazee, lakini lenzi huharibika pia kwa jeraha la mwiba au fimbo, kwa kisukari, kwa dawa za steroidi zikitumika muda mrefu, na wapo watoto wanaozaliwa nao, wengine kwa kurithi. Mwaka 1941 Norman Gregg, daktari wa macho wa Sydney, aliripoti watoto 78 wa namna hiyo. Mama wa 68 kati yao walikuwa wameugua rubela wakiwa wajawazito. Ndiyo maana chanjo ya surua na rubela, iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2014, ni kinga ya macho pia.

Kinachompofusha mtoto mchanga, hata hivyo, ni kuchelewa kutibiwa zaidi kuliko ukungu wenyewe. Mzee akingoja upasuaji mwaka mzima, kwa kawaida ataona tena akishawekewa lenzi mpya, kwa kuwa ubongo wake ulijifunza kuona zamani. Wa mtoto ndio kwanza unajifunza. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walishona kope za jicho moja la mtoto wa paka. Walipozifungua baada ya miezi kadhaa, jicho lilikuwa zima, lakini seli za ubongo karibu zote zilikuwa zimeacha kulisikiliza. Paka mzima aliyefanyiwa vivyo hivyo hakudhurika.

Yapo mapingamizi ya haki. Dawa ya usingizi ina hatari kwa mtoto mdogo, na upasuaji wa mapema mno huongeza uwezekano wa presha ya macho. Hoja hiyo inatosha kusubiri wiki chache, si miaka: ukungu mzito wa jicho moja hutakiwa kuondolewa mtoto akiwa na wiki sita hivi, na wa macho yote mawili kabla ya wiki kumi. Wengine huuliza, kama muda umepita, ya nini kumpasua mtoto wa miaka mitano? Kwa sababu hata uoni hafifu humwezesha kutembea bila kushikwa mkono. Ila wazazi waambiwe mapema kwamba kisu ni nusu ya tiba. Miwani, na kuziba jicho zima kwa saa kadhaa kila siku ili lile dhaifu lifanye kazi, huendelea kwa miaka.

Utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, umeonyesha kuwa watoto wengi hufikishwa hospitali wakiwa wamechelewa sana, hasa wanaoishi mbali na wenye mama wasio na elimu ya kutosha. Lawama isiishie kwa mama. Mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo ya wiki ya sita, na hapo mhudumu akimulika mboni kwa kifaa cha kupimia macho, jicho zima hurudisha wekundu. Likirudisha weupe au giza, rufaa iandikwe siku hiyohiyo.