Taa za Trafiki Zinajuaje Kuna Gari?

Hapa Matulo hatuna taa za trafiki. Tuna uwanja mdogo wa ndege, na barabara kuu ya Malaba yenye matrela, trekta za miwa na bodaboda kutwa kucha. Siku taa zikifika, swali la kwanza litakuwa: zitajuaje nani anasubiri?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1928, mjini Baltimore, Marekani, Charles Adler alifunga taa zenye maikrofoni. Ukikuta nyekundu, unapiga honi, taa inageuka. Hebu fikiria majirani walivyolala! Wengine wakazika barabarani vifaa vilivyobonyezwa na uzito wa gurudumu.

Miaka ya 1960 ukaja waya wa kuzungushwa na kufukiwa ndani ya lami. Umeme ukipita humo, unazaa sumaku. Chuma cha gari kikikaa juu yake, mkondo unabadilika na mashine ya taa inajua kuna mtu. Haujali giza wala ukungu, ndiyo maana umeenea duniani. Lakini lami ikipasuka chini ya matrela, waya hukatika. Pia chuma kidogo huweza kuupita bila kuonekana.

Hapo ndipo penye shida yetu. Bodaboda ilianza hapa jirani, mpakani Busia, ikiwa baiskeli. Mwaka 2008 serikali ya Kenya ikaondoa VAT kwa pikipiki ndogo, zikafurika. Waya uliopimiwa magari unaweza kumwacha mwenye pikipiki kwenye nyekundu hadi achoke, apite kwa hatari. Programu itakuwa imefanya kazi sawasawa. Imeambiwa tu kwamba hakuna mtu.

Kamera je? Mwaka 2013 IBM ilitangaza Twende Twende jijini Nairobi. Ilitumia picha hafifu za kamera zilizokuwepo tayari, ambazo hazikuona barabara zote, ikakadiria msongamano wa kwingine kwa hesabu na kuwajulisha madereva kwa simu. Hakuna aliyechimba lami.

Kamera ina adui zake: vumbi, mvua na giza. Tena programu yake hutambua ilichofundishwa. Ikifundishwa kwa picha za Ulaya, trekta ya miwa na mkokoteni vitaisumbua.

Mimi ningechagua kamera, kwa sharti kwamba ifundishwe kwa picha za barabara hii hii. Nanyi mngechagua nini?