Pembe ya Kutazamia

Asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, mtu wa Kibugu huuona Mlima Kenya juu ya majani ya chai na huamini ameuona wote. Akikaa meza moja na mtu wa Nanyuki, upande wa pili wa mlima, kila mmoja akachora vilele, michoro haitafanana, na ubishi utaanza. Hakuna aliyekosea. Kila mmoja amechora kutoka kwao.

Mahali hapo jicho linaposimama panahitaji jina. Wengi husema "mtazamo", na ndipo tunapokwama, maana neno hilo limeshahamia kwenye maoni: kwa mtazamo wangu, serikali ifanye hivi au vile. Mwalimu wa sanaa akimwambia mwanafunzi abadilishe mtazamo wake kuhusu sanamu, mwanafunzi ataanza kujitetea, kumbe ameombwa tu asogee hatua tatu kushoto. Kwa kufuata njia iliyotupa "kimbilio" tungepata "tazamio", lakini matazamio nayo yameshakuwa mambo tunayoyangojea. Kwa hiyo nachagua "pembe ya kutazamia". Ni ndefu kidogo, ila haimdanganyi mtu.

Tena Mombasa imetufanyia mzaha mzuri. Juu ya Moi Avenue, iliyokuwa Kilindini Road, kuna pembe za ndovu za alumini zilizowekwa miaka ya 1950, jozi mbili, kila jozi ikikingama juu ya upande mmoja wa barabara. Anayekuja na tuktuk akizielekea huona herufi M, ya Mombasa. Lakini simama kando ya barabara, ubavuni mwa pembe hizo: jozi moja hujificha nyuma ya nyingine, na M haipo tena. Pembe ni zilezile. Pembe ya kutazamia ndiyo iliyobadilika. Na ni wazi M hiyo huhudumia jicho la nani: la msafiri aliye katikati ya barabara, si la muuza madafu wa pembeni.

Pembe hii haizunguki tu, hupanda na kushuka pia, na hapo ndipo mamlaka hupenda kukaa. Sanamu ya mtawala wa kikoloni Hermann von Wissmann, iliyozinduliwa Dar es Salaam mwaka 1909, ilimweka Mjerumani huyo juu ya kitako kirefu, na chini yake askari Mwafrika akimwangalia kwa kuinua uso. Mpita njia hakuwa na hiari: shingo yake ilipinda kama ya yule askari. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia Waingereza waliichukua, ikafika Hamburg, ikasimamishwa huko mwaka 1922, hadi wanafunzi walipoiangusha kabisa mwaka 1968. Aliyeitazama ikiwa chini ilibidi ainame.

Limebaki jambo dogo ambalo huwachanganya hata waandishi wa magazeti. Dedan Kimathi wa shaba, kiongozi wa Mau Mau, aliyezinduliwa Nairobi tarehe 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu anyongwe, ameshika bunduki mkono wa kulia na kisu mkono wa kushoto. Kulia kwa nani? Kwake. Wewe uliyesimama mbele yake, bunduki iko kushoto kwako. Ndiyo maana katika maelezo ya sanamu naandika "kulia kwa sanamu" au "kulia kwa mtazamaji", wala siachi "kulia" peke yake.